Kitenzi "piacere" kilivyoninyookea

Nilianza kujifunza Kiitaliano nikiwa mhudumu wa mkahawa mjini Malindi, ambako Waitaliano ni wengi na mtu huokota maneno yao njiani kabla hajafungua kitabu. Vitenzi vya kwenda na kula havikunisumbua sana. Kilichonishinda ni piacere, kwa kuwa nilikuwa nimekariri kwamba maana yake ni "kupenda".

Siku moja mgeni, mama wa makamo, aliniuliza kama napenda samaki, nami nikajibu bila wasiwasi, "Io piaccio il pesce." Alicheka hadi akaweka uma chini, kisha akanieleza kwa upole kwamba nilichosema kilikaribia kumaanisha kuwa mimi ndiye ninayempendeza samaki. Ilinipasa kusema "mi piace il pesce".

Usiku ule, nikifuta meza ya mwisho, niliirudia sentensi yake neno kwa neno, na Kiswahili kikanijibu chenyewe: samaki ananipendeza. Hiyo mi ni -ni- yetu, na anayetawala kitenzi ni samaki, si mimi. Wakiwa kamba, ambao ni wengi sahanini, kitenzi nacho huingia katika wingi: mi piacciono i gamberi, kamba wananipendeza. Tangu hapo niliacha "kupenda" nikashika "kupendeza", na ti piace ikawa "kinakupendeza". Gli ya mwanamume na le ya mwanamke bado hunitega, maana -m- yetu haibagui.

Wakati uliopita ulinichukua siku chache tu. Kitenzi kisaidizi chake ni essere, "kuwa", wala si avere, "kuwa na", na neno piaciuto hubadilika kulingana na kitu kilichopendeza: la cena mi è piaciuta, "chakula cha jioni kimenipendeza", lakini gli spaghetti mi sono piaciuti, "tambi zimenipendeza". Aliyekulia katika ngeli, akisema chakula kimenipendeza na vyakula vimenipendeza, hawezi kuushangaa upatanisho wa namna hiyo.

Tahadhari niliyopewa na wenzangu ni kuhusu mi piaci, "unanipendeza", ambayo mgeni akiambiwa aweza kudhani anatongozwa. Mimi hubaki kwenye chakula. Ninapoondoa sahani huuliza, "Le è piaciuta la cena?", yaani chakula cha jioni kimekupendeza, kwa Le ya heshima, na yule mama aliporudi mwaka uliofuata alinijibu, "Moltissimo", yaani sana, kisha akaniuliza kama samaki bado wananipenda.