Skopu kung'aa sio kusafishika

Nafanya kazi ya kusafisha skopu hospitalini huku Marekani, zile kamera ndefu za mpira wanazokupitishia mdomoni au huku nyuma kuangalia tumbo na utumbo, na kila nikiwaelezea ndugu zangu wa nyumbani lazima mmoja ashtuke, kwa hiyo ile ile iliyotoka kwa mtu ndo inaingia kwangu? Ndio, ile ile. Bei yake iko juu mno, hakuna hospitali inayoweza kutupa moja kila mgonjwa akitoka. Cha kuuliza ni tunajuaje kama imesafishika.

Tatizo linaanzia kwenye joto. Mikasi ya upasuaji inaingia otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu, inapigwa mvuke wa nyuzi 121 au 134, kwisha habari. Skopu ina plastiki, gundi na kamera, ukiichemsha hivyo umeiua. Ndo maana tunaiosha kwa mkono halafu inaingia kwenye mashine yenye dawa kali, na hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanadhani dawa ndo inasafisha. Hapana jamani. Kamasi na damu ikishakauka inawafunika bakteria na dawa inapita juu juu, kwa hiyo kama brashi haikupita vizuri kule sinki, hiyo mashine haitakuokoa.

Ndo maana tunapima kabla haijaingia kwenye mashine. Unasukuma maji safi kwenye tundu la skopu, unayakinga yakitokea upande wa pili, unachovya kijiti, unakirudisha kwenye kichupa chake, unatikisa, unakitia kwenye kimashine cha mkononi, sekunde chache tu namba inatokea. Kinachopimwa ni ATP, ile kemikali ya nguvu iliyomo kwenye seli zote zilizo hai, na kinachoiwasha ni kimeng'enya cha kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku (mimi hii bado inanifurahisha mpaka leo). Masalia yakiwa mengi mwanga unakuwa mwingi, namba inapanda. Sehemu nyingi mpaka wao ni 200, ikizidi hapo unarudi sinki kuanza upya.

Sasa naomba hili lieleweke, hata kwa sisi wenyewe tunaofanya hii kazi: namba ikiwa ndogo sio cheti kwamba hakuna mdudu. ATP haihesabu bakteria, inakwambia masalia yamebaki kiasi gani, na bakteria wachache wanaweza kukaa humo bila namba kustuka, na virusi ndo kabisa havina ATP. Inapima uoshaji, basi. Ukitaka kujua kama kuna kiumbe kinaishi mle ndani ni lazima uoteshe, yaani bakteria waachwe wakue maabara ndo waonekane: unasukuma maji, unapitisha brashi, unasukuma maji tena, unapeleka maabara halafu unasubiri siku 2 au 3, na muda wote huo skopu imefungiwa, haigusi mgonjwa.

Na hii sio hofu ya kubuni. Mwanzoni mwa 2015 hospitali ya Ronald Reagan ya UCLA, kule Los Angeles, ilitangaza wagonjwa 7 wameambukizwa CRE, bakteria sugu wasiosikia hata zile antibayotiki za mwisho mwisho, wawili kati yao walifariki, na wengine zaidi ya 170 wakaambiwa huenda nao wamekutana na bakteria hao. Ilikuwa duodenoskopu, ile ya kwenda kwenye mirija ya nyongo na kongosho, na hospitali ilisema imefuata maelekezo ya mtengenezaji. Nawaamini. Nchani kuna kidude kinachonyanyuka kuelekeza waya, ni kadogo, nyuma yake kuna kauwazi ambako brashi inafika kwa shida, unakisugua kikiwa juu, unakisugua kikiwa chini, unamulika, na bado huoni kila kona. FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ikawaamuru watengenezaji wapime skopu zilizoshasafishwa mahospitalini, na matokeo ya awali ya 2019 yalionyesha mpaka asilimia 5.4 ya sampuli zimekutwa na bakteria wa hatari. Zilizoshasafishwa! Mwaka huo huo wakashauri hospitali zihamie kwenye zile ambazo ncha yake inatolewa na kutupwa.

Halafu kuna kukausha, ambako nako kunasahaulika sana. Ukipitisha kikamera chembamba ndani ya tundu unaona mikwaruzo, na wakati mwingine matone ya maji kwenye skopu iliyotundikwa kabatini ikisemekana iko tayari, na bakteria waliobaki wakipata maji usiku kucha wanazaana. Mwongozo wa huku unataka hewa ipulizwe angalau dakika 10. Dakika 10 ni nyingi sana pale daktari yuko mlangoni na mgonjwa kashalazwa kitandani, na hapo ndo presha inapotushukia sisi wa chumba cha nyuma.

Kwa hiyo wakubwa wa mahospitali, mkipanga bajeti msinunue vijiti vya kupimia peke yake, nunueni na skopu za ziada. Kama zipo 3 tu na foleni ni ya watu 12, nani atathubutu kufungia moja siku 3 akisubiri majibu ya maabara?