Msimbo P0135 Unaorudi Kila Ukifutwa: Nilivyoumaliza Kwenye Probox

Probox hii ya injini ya 1NZ ililetwa kwangu Kisumu ikiwa na sensa mpya kabisa ya oksijeni, na bado taa ya injini inawaka. Msimbo P0135 (namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari) ukifutwa, taa inazimika, gari linaenda Ahero na kurudi, kisha taa iko palepale. Hapo ndipo watu hudhani wameuziwa spea feki. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi za magari husubiri zione hitilafu katika safari mbili zinazofuatana kabla ya kuwasha taa, kwa hiyo ule utulivu wa katikati si dalili ya kupona.

P0135 inahusu hita (kipasha joto) ya sensa ya mbele, iliyo kabla ya katalisti (kisafishaji moshi). Haisemi sensa imekufa. Inasema umeme haupiti inavyotakiwa kwenye njia ya hita, na njia hiyo ina fyuzi, rilei, waya, soketi, hita yenyewe, na kompyuta inayounganisha upande wa negativu. Kati ya hivyo, sensa ni ghali kuliko fyuzi na waya, na ndiyo watu hukimbilia kununua kwanza. Mimi huanza kwa kuipima tu.

Injini ikiwa baridi, nilichomoa soketi nikapima omu (ukinzani wa umeme) kati ya zile waya mbili za rangi moja upande wa sensa. Za Denso huwa nyeusi mbili, za Bosch nyeupe mbili. Sensa ya Toyota ya kawaida (ya zirconia) hutakiwa kusoma omu 11 hadi 16 ikiwa baridi. Hii ilisoma 13. Hita ni nzima. (Gari lenye sensa ya aina ya A/F, ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, husoma chini sana, omu 2 au 3, usije ukaitupa bure.)

Nikageukia upande wa gari. Swichi ikiwa imewashwa, multimita ilionyesha volti 12.3 kwenye pini ya chanya. Ukiishia hapo utanunua sensa nyingine. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itakuonyesha volti zote. Hita huvuta karibu ampia 1, na hapo ndipo waya mbovu husalimu amri.

Nilichukua balbu ya wati 21, nikaiunga kati ya pini hiyo na negativu ya betri. Iliwaka nyekundu kama kaa linalozimika, na volti zikashuka hadi 5. Kwenye fyuzi, balbu ileile iliwaka vizuri. Tatizo basi liko kati ya fyuzi na soketi.

Nilifuata waya nikifungua tepu. Karibu na kibano cha chuma upande wa gia, ganda la waya lilionekana zima, lakini ukilibonyeza ni laini, na ukivuta linarefuka. Nilipochana, shaba ilikuwa unga wa kijani. Injini hucheza kwenye maunti (mipira inayoishikilia), kibano kikatoboa ganda kidogo, na maji ya matope ya barabara za Kano wakati wa mvua yakamaliza kazi.

Nilikata pande zote mbili hadi shaba inayong'aa, nikaunga kipande cha unene uleule kwa risasi, nikafunika kwa mpira wa kubana kwa joto, kisha nikaihamisha mbali na kibano na ekzosi. Kuchomelea risasi kunafaa upande wa gari tu. Waya za sensa yenyewe usizichomelee, wala usipake grisi kwenye soketi yake: hewa safi ambayo sensa hulinganisha na moshi hupitia ndani ya waya hizo.

Balbu ya wati 21 sasa ilisoma volti 12.1. Halafu, injini ikinguruma, niliweka balbu ya wati 10 kati ya pini zote mbili za hita, ikawaka, yaani kompyuta inatoa negativu. Isingewaka, ningepima waya ya kwenda kwenye kompyuta kabla ya kuilaumu kompyuta.

Nilirudisha soketi, nikafuta msimbo, nikaangalia data mubashara kwenye mashine ya kusomea misimbo: chini ya dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, volti za sensa zilianza kuruka kati ya 0.1 na 0.9. Baada ya kuwasha mara kadhaa injini ikiwa baridi, hata sehemu ya misimbo inayosubiri (hitilafu iliyoonekana ila bado haijawasha taa) ilikuwa tupu.