Mtoto Alikuwa Anazama, Nami Nikamtazama

Nilikuwa nakunywa chai kwa shangazi yangu Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kwenye mashamba ya mpunga. Watoto walikuwa wanaoga kwenye mfereji wa umwagiliaji. Mmoja wao, wa miaka 7 hivi, alikuwa wima majini, kichwa kimelalia nyuma, maji yanamfika mdomoni. Hakupiga kelele wala hakupunga mkono. Nilimtazama nikadhani anacheza.

Nami nilikuwa nimeshindana kuogelea kwa miaka 11.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na mimi niliamini hivyo hivyo. Kumbe anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Kila mdomo ukichomoza anawahi kuvuta hewa, kisha anazama tena, huku mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi isiyokuwepo. Mtoto hudumu hivyo kwa sekunde chache tu. Kilichonishtua mimi ni macho yake: yalikuwa wazi na hayatazami popote. Niliruka na nguo zangu. Nilipomtoa alikohoa, akatapika maji, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama kile.

Usiku ule sikulala. Utoto wangu wote ulikuwa mita 50 na mita 100 mtindo huru: kuamka saa 11 alfajiri, mabasi ya kwenda Dar es Salaam kushindana, kupigania sehemu ya sekunde. Magdalena Moshi alipoogelea Olimpiki ya London mwaka 2012, kisha Rio mwaka 2016, jina lake tu lilitosha kututia kiburi sisi wa Moshi. Siijutii hata siku moja ya maisha yale. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunifundisha kumtambua mtu anayezama.

Nikaanza kufundisha watoto 9 wa Mabogini, Jumamosi asubuhi, kwenye bwawa la hoteli moja mjini iliyokubali kutupunguzia kiingilio. Siku ya kwanza niliharibu. Nilisimama ukingoni na filimbi, nikawaonyesha mkono unavyoingia majini na mguu unavyopiga, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyeachia ukuta. Mtoto asiyethubutu kulowesha uso utamwambia nini kuhusu mkono?

Ndipo tukahamia kwenye beseni. Wiki mbili tulikaa uani kwa shangazi na mabeseni ya kufulia. Unavuta hewa, unazamisha uso, unapuliza mapovu polepole kwa pua, unainuka bila kujipangusa macho. Hilo la kutojipangusa ndilo gumu kuliko yote. Binti mmoja alikuwa anatetemeka kila maji yakimgusa kope. Siku ya nne alizamisha uso, akahesabu mpaka 6 kwa vidole vyake kando ya beseni, akainuka maji yanamtiririka kidevuni, akanitazama bila kupepesa. Tuliporudi bwawani, yeye ndiye aliyetangulia kuachia ukuta.

Siku hizi mikono naifundisha mwisho. Kwanza mapovu, kisha kuelea chali, kisha kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali na kurudi ukingoni. Nawaambia: masikio yanywe maji, kitovu kiote jua. Mtoto akiliweza hilo, akiteleza mferejini atapata pumzi ya kumwita mtu.

Akina mama ndio walionipa kazi zaidi. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, akishajua kuogelea, si ndiyo atahamia mferejini kabisa?" Nikamjibu, "Mama, mferejini anakwenda tayari." Alinyamaza, lakini swali lake lilikuwa la haki. Tangu hapo kila somo huanza na sheria mbili: huingii majini peke yako, na mwenzako akizama humfuati. Mpe fimbo, mrushie dumu tupu ashikilie, mwite mtu mzima.

Wasichana walikuwa na shida ya mavazi. Wazazi hawakutaka nguo za kuogelea zinazoacha mapaja wazi, na hoteli ilikataa fulana za pamba kwa sababu nyuzi zake huziba chujio la bwawa. Nikazunguka mitumba ya soko la Memorial nikakusanya suruali za kubana za mazoezi na blauzi za mikono mirefu za nailoni. Tatizo likaisha kwa bei ya mtumba. Juni na Julai maji huwa baridi, kwa hiyo somo ni dakika 30, kisha uji wa moto.

Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Niliitumia kama sababu ya kuomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimeandaa takwimu za dunia, lakini sikuzihitaji. Mzee mmoja alisimama akamtaja mjukuu wake, mama mwingine akamtaja mdogo wake, na orodha ikaendelea kwa muda.

Tulikubaliana kutundika madumu matupu ya lita 5 kando ya mfereji, yamefungwa vizuri, kila moja na kamba ya mita 10. La kwanza liliibwa ndani ya wiki moja. La pili nililipaka rangi nyekundu, nikamkabidhi mama anayeuza maandazi pale darajani. Kila jioni analiingiza ndani, na alfajiri, kabla hajawasha jiko, analitundika tena.