Mita 750 za Mjimwema

Nimekulia Mjimwema, Kigamboni, nyumba ya nne kutoka ufukweni, na hadi nilipotimiza miaka 37 maji ya bahari yalikuwa hayajawahi kunipita kiunoni. Kaka zangu walijua kuogelea kabla hawajajua kusoma. Sisi wasichana tulishuka pwani maji yakipwa, tukaokota chaza, na yalipoanza kujaa tukaitwa nyumbani. Sikumbuki mtu akitukataza. Ilijulikana tu.

Jumapili iliyopita nilishiriki triathloni hapahapa kwetu. Kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Ni nusu kamili ya ule umbali wa Olimpiki, mchezo ulioingia kwenye Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Wote tulikuwa watu wa ridhaa: walimu, madereva, wafanyakazi wa benki. Mbio nilikuwa nazo tangu shule na baiskeli niliazima. Kilichonikosesha usingizi kwa mwaka mzima ni zile mita 750.

Aliyenifundisha ni baba mdogo, ambaye amevua kwa ngalawa tangu ujana wake. Nilimsimulia kwamba nimeona picha za wasichana wa Nungwi, Unguja, wakijifunza kuelea huku wamekumbatia madumu matupu. Alinisikiliza, akanyamaza. Kesho yake alikuja na dumu la lita tano. Mwezi mzima hakuniruhusu kupiga mkono hata mmoja. Nilale chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, nipumue. "Maji yanakubeba, mwanangu," aliniambia. "Ukiyakaba, yanakuachia."

Ratiba yangu ilipangwa na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hujaa alfajiri na alasiri, na ikifika saa nne asubuhi imekupwa, umebaki mchanga na mwani mtupu; maji mafu yakiingia, mwezi ukiwa nusu, saa hiyohiyo ndiyo ya kujaa. Nilizaliwa hapa na sikuwa nayajua haya. Nilianza kutazama mwezi kila usiku kama mvuvi, na nafikiri hilo ndilo lililonibadilisha kuliko mazoezi yenyewe.

Siku ya mashindano maji yalijaa saa moja asubuhi. Nilivaa suti ndefu ya kuogelea na kilemba kilichobana, nikasimama nyuma ya wenzangu. Filimbi ikalia, tukaingia. Kabla sijafika boya la kwanza mguu wa mtu ulinipiga usoni, miwani ikajaa maji ya chumvi. Nikameza fundo moja, kisha la pili. Nilishusha mguu kutafuta mchanga nikaukosa. Kifua kilibana nikaona kabisa kwamba hapa ndipo niliposhindwa.

Nikageuka chali.

Masikio yalipozama kelele zote zilikatika. Nilibaki na mbingu, na pumzi yangu mwenyewe ikisikika kichwani. Kijana wa uokozi alisogeza mtumbwi wake karibu, akaniambia naweza kushika, kanuni inaruhusu mradi nisisogee mbele nikiwa nimeshikilia. Nilijua. Nikamwinulia kidole gumba, sikushika. Nilivuta pumzi 20 huku nikizihesabu, nikamwaga maji ya kwenye miwani, nikageuka nikaendelea. Sikutoka wa mwisho. Nyuma yangu walikuwepo wawili. Lakini hata ningekuwa wa mwisho, nilitoka majini nalia, na machozi yale yalikuwa ya furaha.

Baiskeli sina mengi ya kusema. Unafunga helmeti kwanza, ndipo unagusa baiskeli, la sivyo unaadhibiwa. Vidole vilitetemeka hadi nikashindwa mara mbili kuifunga. Barabara ya Kibada kwenda ni raha, kurudi kaskazi inakupiga usoni. Kukimbia nako nilidhani ni kwangu, kumbe ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa kama umeiazima kwa mtu. Kilomita ya kwanza sikuihisi ardhi. Joto lilikuwa limepanda, na mama mmoja muuza mihogo aliacha jiko lake akaja barabarani kunimwagia maji kichwani. Simfahamu. Mungu ambariki.

Mama alinisubiri mwisho wa mbio, kajitanda kanga, amekaa na baba mdogo chini ya mvinje. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga, akanikagua mikono yote miwili kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Nilitegemea aniulize kama nimechoka.

"Huko ulikokuwa," alisema, "nyumba yetu inaonekana?"

Nikamwambia linaonekana bati, na ule mnazi wa uani, umeinama kidogo upande wa kusini.

"Mnazi ule aliupanda baba yako." Akageuka kutazama baharini, na akakaa hivyo kwa muda. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma, na wasichana watatu walikuwa wanashuka na ndoo zao. Kisha, bila kumtazama, akamwuliza baba mdogo:

"Jumamosi yanajaa saa ngapi?"

"Adhuhuri, shemeji. Au inapita kidogo."