Nani aliwarudia?

"Sasa shangazi, wale walioamini, nani aliwarudia kuwaambia?"

Mtoto wa kaka aliniuliza hivyo siku ya Jumanne, anakunja waya wa spika. Nikamjibu upesi mno: "Waliambiwa. Mwongozaji wa filamu alisema mwenyewe gazetini kwamba yote yalikuwa maigizo." Akatulia kidogo. "Wameambiwa wanaolisoma gazeti hilo." Akaingia zake jikoni. Tangu hapo umeme umekatika mara mbili, harusi ya Jumamosi imepita salama, kaka kaondoka leo alfajiri, na mimi bado nimekwama pale pale, kwenye waya wa spika.

Tulikuwa tumemaliza kutazama I'm Still Here, ile filamu ya 2010 iliyojifanya habari ya kweli. Mwishoni mwa 2008 Joaquin Phoenix, mwigizaji wa Hollywood, alitangaza kwamba anaacha kuigiza, anahamia kurapu. Akafuga ndevu, nywele zikawa matimutimu. Januari 2009 akapanda jukwaani Las Vegas, akaanguka. Tarehe 11 Februari akakaa mbele ya David Letterman, mwenyeji wa kipindi cha mahojiano kwenye televisheni, na miwani myeusi, anatafuna bigijii, kisha akaibandika chini ya meza ya mwenyeji wake. Muda wote huo Casey Affleck, mwongozaji wa filamu na shemeji yake wakati ule, alikuwa anamrekodi.

Nilimwonyesha kwa sababu ya picha za mwanzo. Mtoto yuko juu ya maporomoko ya maji, anasitasita kuruka. Unaapa ni kanda ya familia, ya utotoni mwa Phoenix, Panama. Kumbe zilipigwa Hawaii, na anayeigiza baba ni baba yake Affleck. Walizipitisha kwenye kanda kuukuu ya VHS iliyokuwa na filamu nyingine, wakawa wanaipeleka mbele na kuirudisha nyuma mpaka picha ikachakaa.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kuzeesha picha. Kanda ikichakaa, unga wa sumaku unabanduka vipande vipande, na kila palipobanduka kichwa cha deki kinakosa cha kusoma, ndiyo ile michirizi myeupe ya chenga. Rangi huharibika mapema, hasa nyekundu, inavuja nje ya mipaka yake. Kanda ikivutika, picha inajikunja. Programu za kuigiza uchakavu huwa zinarudia chenga zile zile, na jicho linashtuka hata kama mtazamaji hajui limeshtukia nini. Kosa jingine ninaloliona kila siku ni mtu kuchakaza picha halafu sauti akaiacha safi. Chakaza vyote, kwa kanda hiyo hiyo.

Nusu ya pili ya kuujenga uongo huo waliifanya waandishi wa udaku, bure. Mapema kabisa, Januari 2009, jarida la Entertainment Weekly waliandika kwamba huenda jambo zima ni mchezo. Haikuzuia kitu, maana "amechanganyikiwa" ni habari na "anajifanya amechanganyikiwa" ni habari pia. Mwezi uliofuata, Februari, mchekeshaji Ben Stiller akamwiga kwenye jukwaa la Oscar, ndevu na miwani. Kila kamera iliyomkimbilia Phoenix ikawa inaipigia filamu picha, na hilo naliona ndilo tusi kali kuliko yote kwa magazeti yale.

Nilipofika hapa nikaenda kuhesabu tarehe, na ghafla moyo ukawa mwepesi. Affleck alikiri kwenye New York Times tarehe 16 Septemba 2010, siku 6 baada ya filamu kuingia kwenye majumba ya sinema Marekani. Lakini tarehe 22 Phoenix alirudi kwa Letterman. Kiti kile kile, kipindi kile kile, amenyoa, akasema anatumaini hakumkosea. Kwa hiyo yupo aliyerudiwa! Baada ya miezi 19, sawa, lakini kwa njia ile ile uongo uliyopitia. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa. Waliocheka siku ya Oscar hakuna aliyewarudia, na hapo mtoto yuko sahihi, nitamwambia hivyo hivyo kesho kabla hatujagusa mashine. Aliuliza swali la mhariri, mimi nikalisikia kama shutuma.

Saa tatu usiku sasa. Kaka alisema akifika Segera atapiga, na mvua ya huko tumeisikia redioni tangu mchana. Simu yake inaita tu.