Pushapu za kwenye mawe, Mwanza

Ukishindwa pushapu za chini, usikimbilie kuzipiga kwa magoti, tafuta jiwe. Mwanza mawe hayakosekani, hasa pande za Capripoint. Chagua lenye kimo cha kiuno, kavu, lisilotikisika. Viganja juu ya jiwe vipite upana wa mabega kidogo, viwiko vielekee nyuma kama digrii 45, shuka kwa sekunde 3 mpaka kifua kikaribie jiwe. Kiuno kikibonyea, ujue tumbo na makalio yamelegea: yakaze, la sivyo simama upumzike. Fanya seti 3 za 8, katikati pumzika dakika 2. Ukifikisha 12 safi kila seti, hamia jiwe la kimo cha goti. Lenye ukoga wa kijani liache kabisa, viganja huteleza. Na tafadhali, ukimaliza usioge ziwani: kichocho kipo.