Siku moja maishani mwangu: kamera kifuani, theluji miguuni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kitu cha kwanza ninachoshika nikiamka si simu, ni helmeti. Ina stika ya gundi, ya kushikilia kamera, niliyoibandika pembeni juzi usiku. Naivuta kwa vidole viwili kama mtu anayeng'oa jino, haitoki. Naivuta tena kwa hasira kidogo, bado haitoki. Siku imeanza vizuri.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Huu ni msimu wangu wa nne hapa Chamonix, Ufaransa, ninakopiga video kwa ajili ya shule ndogo ya skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao viwili virefu miguuni. Wanafunzi wanateleza, mimi ninateleza nyuma yao au mbele yao nikirekodi, jioni wanaondoka na klipu za kuringia kwao na mwalimu anabaki na picha za kuwaonyesha makosa. Nyumbani wanadhani ninaishi kileleni. Kwa kweli mji wa Chamonix uko meta 1,035 tu kutoka usawa wa bahari, na Lushoto mjini ni juu zaidi. Ila Lushoto haina mlima Mont Blanc wa kuimwagia baridi usiku kucha.

Saa kumi na mbili na nusu

Bado giza. Mwaka wa kwanza hili lilinichanganya, maana saa za Kiswahili zinahesabu jua, na huku Februari unasema "saa moja asubuhi" huku nyota zinakutazama. Sasa nimezoea, lakini nikiongea na Mama ninahesabu Kiswahili, nikiongea na bosi ninahesabu Kifaransa, na mara moja nilimkosa mteja kwa saa sita nzima.

Ninapanga vitu mezani. Kamera mbili: moja ya kawaida na moja ya nyuzi 360 yenye lenzi mbili. Betri tano. Memori kadi mbili tupu. Mkanda wa kifua, fimbo ya kushikia kamera, kamba nyembamba za usalama, kitambaa laini cha kufutia lenzi, mifuko mitatu ya plastiki ya kufunga kwa kubana, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo watu hutupa. Mimi situpi. Vinanyonya unyevu ndani ya begi la kamera kuliko kitu chochote cha kununua.

Betri haziendi kwenye begi. Zinaingia mfuko wa ndani kabisa, karibu na ngozi. Baridi haiui betri ya lithiamu, inaizubaisha tu: kemikali ndani zinatembea polepole, umeme unatoka kwa taabu, na kamera inazima huku ukijua uliichaji usiku mzima. Ukiipasha moto kwapani inarudi na asilimia zake kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya kwanza niliitupa betri nzima kwa kudhani imekufa. Niliilipia mwenyewe, ndiyo maana sisahau.

Saa mbili kasoro

Basi la bondeni limejaa watu wenye buti za plastiki, kila mmoja anatembea kama roboti. Ninashuka kwenye duka linalokodisha vifaa kuchukua skii zangu zilizonolewa. Anayefanya kazi hapo ni jamaa wa Bukavu. Siku ya kwanza tuligunduana kwa bahati, nilipojigonga kidole nikasema "Mungu wangu!" naye akaitikia kutoka nyuma ya rafu.

"Dada, leo iko baridi mubaya," ananiambia.

"Ngapi?"

"Huko juu kumi na mbili chini ya sifuri."

Baridi ikipita nyuzi kumi chini ya sifuri ninapunguza ahadi. Sitamwambia mwalimu "nitarekodi asubuhi nzima." Nitarekodi vipande vya sekunde ishirini, nizime, niingize kamera ndani ya koti. Hata siku ya joto hiyo ndiyo njia nzuri, kwa sababu hakuna mtu duniani anayetaka kutazama dakika arobaini za theluji inayopita.

Saa tatu asubuhi

Tuko Le Tour, mwisho wa bonde, kwenye miteremko mipana inayopanda hadi mpakani na Uswisi. Darasa la leo: watoto watano wa miaka minane hadi kumi, mwalimu mmoja, na baba mmoja aliyeomba kutufuata. Kila mtoto mzazi wake ametia sahihi karatasi ya ruhusa ya kupigwa picha. Ufaransa hawana mchezo na jambo hilo, na mimi bila karatasi sibonyezi kitufe.

Hapa ndipo swali la kila siku linapokuja: kamera tuiweke wapi?

Wageni wote jibu lao ni moja, juu ya helmeti, katikati, kama taa ya mchimba madini. Ninaelewa kwa nini. Inaonekana shujaa. Lakini tazama video yake: theluji, theluji, ncha za skii zikichungulia chini, halafu kila anapogeuza shingo dunia yote inapinduka. Mteremko mkali unaonekana uwanja wa mpira. Hakuna mwili kwenye picha, kwa hiyo jicho halina cha kulinganisha, na ile hofu uliyoisikia tumboni haiingii kwenye lenzi.

Kifuani ni hadithi nyingine. Mkanda wangu unafungwa kama mbeleko iliyogeuzwa mbele, na kamera inakaa juu chini, imeinamishwa kuelekea juu. Hilo la kuinamisha watu husahau. Ukiwa umesimama sebuleni inaonekana inatazama dari, lakini ukiteleza unapiga magoti na kuinama, kifua kinaelekea chini, ndipo kamera inakuwa sawa. Kwa hiyo ninawaambia: usirekebishe ukiwa umesimama, kunja magoti kwanza kama unataka kukaa kwenye kigoda, ndipo urekebishe. Picha yake inaonyesha mikono, fimbo za skii, magoti yanavyokunjika, skii zinavyopishana. Mwalimu anaipenda kwa sababu anaona kosa linapoanzia. Mimi naipenda kwa sababu kifua hakitikisiki kama kichwa.

Kuna na jambo la usalama. Tarehe 29 Desemba 2013, Michael Schumacher, yule bingwa wa mbio za magari za Formula 1, alianguka Méribel, milima hii hii ya Alps, akagonga kichwa kwenye mwamba. Kwenye helmeti yake kulikuwa na kamera, na wachunguzi waliitumia video yake kuelewa ajali. Ubishi wa kama kamera ilichangia helmeti kuvunjika haujaisha mpaka leo kwenye vibanda vya chakula huku juu, na mimi siingii. Ninachojua ni kwamba helmeti imetengenezwa iteleze juu ya kitu inachokigonga, na ukiibandikia jiwe dogo juu yake umeiwekea kisiki cha kunasia. Watoto wetu hawavai kamera kichwani. Mimi mwenyewe ninapovaa, ninabandika stika pembeni, na kishikizo changu kinafyatuka kikivutwa sana. Afadhali nipoteze kamera.

Kifuani nako si peponi. Ukianguka kifudifudi inakugonga mbavu, nina alama. Na siku ambazo waalimu wananichukua nje ya njia zilizosawazishwa, mkanda wa kifua unabaki begini, kwa sababu huko kila mtu anavaa kifaa cha maporomoko ya theluji kinachorusha mawimbi ili ukifukiwa upatikane, na kinavaliwa hapo hapo kifuani. Vifaa vya umeme vinakivuruga. Kanuni wanayoirudia kama sala ni sentimeta 20 mbali nacho wakati wa kawaida na 50 wakati wa kutafuta mtu. Kamera na simu zinahamia mfuko wa suruali. Video nzuri siku hiyo ni bahati.

Saa nne na nusu

Ninateleza kinyumenyume mbele ya watoto nikiwa na fimbo mkononi. Mtoto wa mwisho kwenye mstari, msichana mwenye kofia ya masikio ya sungura juu ya helmeti, anaimba peke yake. Kamera hii ya nyuzi 360 ina ujanja mmoja ambao watu huniuliza kila wiki: fimbo haionekani kwenye video, picha inaonekana kama imepigwa na ndege. Si uchawi. Lenzi mbili zimepeana mgongo, kila moja inaona zaidi ya nusu ya dunia, programu inaunganisha nusu hizo, na fimbo inakaa hasa kwenye mshono ambako lenzi zote mbili haziioni. Ukiishika kwa mshazari, uchawi unaisha na unaonekana umeshika mwiko.

Kwenye lifti ya viti, vile vinavyoning'inia kwenye waya na kutupandisha mlimani, ninakunja fimbo, ninafungua kamba ya mkono, ninatazama mkanda wa kifua usinase kwenye chuma kinachoshuka mapajani. Kiti hakingoji.

Saa sita na nusu

Chakula. Kabla sijagusa mlango wa kibanda, kamera zote zinaingia kwenye mifuko ya plastiki, nabana, natoa hewa. Kitu kilichokaa saa tatu kwenye baridi kali ukikiingiza kwenye chumba chenye supu na watu hamsini wanaopumua, maji yanakimbilia juu yake, nje na ndani ya lenzi. Kikiwa mfukoni yanakaa juu ya plastiki. Nusu saa baadaye kamera imefikia joto la chumba na iko kavu.

Yule baba hakunisikiliza. Aliiweka yake mezani karibu na sahani ya viazi na jibini, akaifungua mlango wa betri kabisa. Nilitamani kusema tena, nikanyamaza. Mtu mzima haambiwi mara tatu.

Saa nane mchana

Kamera yake imepiga ukungu kama kioo cha bafuni, naye ameirudisha juu ya helmeti, kwenye stika ambayo, nimekuja kujua sasa, aliibandika leo asubuhi maegesho ya magari. Kwenye baridi. Juu ya helmeti yenye umande.

Mteremko wa tatu akaanguka. Si kuanguka kubaya, ni kule kuketi chini bila kupanga. Akainuka anacheka, akagusa kichwa, kicheko kikakatika.

Tulitafuta dakika ishirini na tano. Programu ya simu ina kitufe cha kuifanya kamera ipige mlio, lakini lazima uwe karibu nayo, na upepo ulikuwa unavuma. Tukajipanga mstari kama wachuma chai, mwalimu, mimi, baba na watoto watano, tukipanda mteremko hatua kwa hatua kwa buti za plastiki. Baba alikuwa ananielekeza mahali pasipo. Msichana wa masikio ya sungura ndiye aliyeikanyaga. Alisimama tu akasema kwa Kifaransa, "Iko chini ya mguu wangu, nifanye nini?"

Ilikuwa bado inarekodi. Jioni niliitazama: sekunde moja ya anga, kisha weupe, kisha sauti zetu zikipita juu yake zikienda na kurudi. Yangu inasikika wazi kabisa ikisema, kwa Kiswahili, "Huyu baba huyu." Hajui Kiswahili. Nimeikata hata hivyo.

Saa kumi na nusu hadi saa moja na nusu usiku

Lifti zimefungwa, miguu imetoka kwenye buti, furaha hiyo haina jina. Ofisini ninahamisha video. Sehemu kubwa ni kufuta: kati ya klipu themanini na kitu ninabakisha kumi na mbili. Rangi hainisumbui kwa sababu asubuhi niliiambia kamera ipandishe mwanga kidogo. Isipoambiwa, inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji ya Alps inatoka kijivu kama majivu ya jikoni. Watoto wanapata dakika mbili kila mmoja. Yule baba nimempa nyongeza ya bintiye akiimba. Bintiye ndiye mwenye masikio ya sungura.

Saa mbili na nusu usiku

Nyumbani ni saa nne na nusu, Mama angekuwa amelala lakini ananisubiri.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nilikuwa nimemtumia klipu mbili za mteremko mmoja, ya helmeti na ya kifuani, bila kumwambia ipi ni ipi. Huwa ninamjaribia yeye kabla ya wateja.

"Ile ya kwanza sikuimaliza," akasema. "Kichwa kilizunguka. Ni kama nimekaa kiti cha mbele kwenye basi la kutoka Mombo, dereva ana haraka, kona zote zile za Soni."

"Na ya pili?"

"Ya pili naona mikono yako. Glavu moja imechanika."

Imechanika kweli, dole gumba la kulia. Sikuwa nimeiona.

Nikashona glavu. Halafu nikafuta kwa spiriti helmeti ya pili, ile ya akiba, nikaipasha kidogo kwa kuiweka kiti cha karibu na hita, nikabandika stika mpya na kuibana kwa kiganja huku nikihesabu hadi sitini. Hiyo ni ya kesho kutwa, gundi ikishashika.